Samaki wangu yuko peke yake, na ametaga mayai

Kwako Mshauri,

Nyumba yangu imegawanyika, na chanzo ni samaki mmoja.

Ninaishi South B, Nairobi, na mume wangu, binti yetu wa miaka minane, na mama mkwe. Sebuleni tuna tangi la maji ya chumvi la lita 120. Ndani yake mna samaki klauni mmoja, yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, pamoja na kamba wawili wadogo na konokono kadhaa. Hana mwenzake na hajawahi kuwa naye. Tulimnunua miaka minne iliyopita akiwa mdogo kama pingili ya kidole, na muuzaji akatuambia ni dume. Binti akampa jina, Kapteni. Sasa ana urefu wa sentimita saba hivi.

Juzijuzi tabia yake ilibadilika. Alianza kung'ata ubavu wa chungu cha udongo tulichokilaza kando ya mwamba, akabandua mwani wote mpaka udongo ukabaki mtupu. Nikiingiza mkono kusafisha kioo ananirukia na kuniuma. Haumizi sana, ila anashtua. Kisha tumbo likafura, na chini yake, karibu na pezi la nyuma, kukachungulia kijimrija cheupe. Nilidhani utumbo unatoka. Nikampigia simu muuzaji, akasema ni ugonjwa wa maji tumboni, akanitumia kwa bodaboda chupa ya dawa ya shaba niimimine tangini.

Kabla sijaifungua, Jumamosi baada ya chakula cha mchana binti alipiga kelele. Kwenye ule ubavu wa chungu palikuwa na mayai ya rangi ya chungwa, mamia, yamesimama wima yamebanana, kila moja dogo kuliko punje ya mchele. Kapteni alikuwa juu yake anayapepea kwa mapezi.

Kesho yake baadhi yalishageuka meupe. Binti hakubali kulala, anakaa na tochi akisubiri watoto watoke. Mume wangu anasema samaki analia upweke na tunamtesa, twende Jumamosi ijayo tumnunulie mume. Muuzaji anadai analo dume kubwa lililokomaa, tayari kuzalisha, au nimpe huyu anibadilishie. Shemeji yangu amesikia, ameshapiga hesabu ya vifaranga na pesa. Mama mkwe anasema kiumbe anayezaa bila mume si wa kukaa naye nyumba moja, na nimtoe. Mimi nampenda samaki wangu alivyo, lakini sitaki kuwa mtu aliyemnyima kiumbe haki yake kwa kuwa nilipenda kumtazama.

Je, ni mgonjwa? Je, ni mpweke? Nimletee mwenzake au nimwache?

Mama wa tangi, South B

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, asante kwa barua iliyonyooka. Nikikusoma vizuri, maswali matatu yamefungwa furushi moja: afya ya Kapteni, kinachopita moyoni mwake, na nani kati ya watu wanne mnaoishi naye, au watano tukimhesabu shemeji, atakayeamua mustakabali wake. Tuyafungue moja moja, tuanze na lile lisilongoja.

Ile chupa ya shaba iache imefungwa. Dawa ya shaba ina kazi yake, hasa dhidi ya vimelea vya ngozi na mashavu ya samaki wa baharini. Lakini hutiwa katika tangi la pembeni, kwa kipimo, na shaba hupimwa kila siku, kwa sababu pengo kati ya kiasi kinachoua vimelea na kinachoumiza samaki ni dogo. Ukiimimina katika tangi lenu, kamba na konokono watakufa. Isitoshe, mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya shaba, basi hutajua imebaki kiasi gani majini, na baadaye itakuwa kazi kuwaweka tena kamba katika tangi hilo. Yote hayo kwa ugonjwa ambao dalili ulizoziandika hazionyeshi.

Ulichokiona ni utagaji wa kawaida, hatua kwa hatua. Samaki klauni husafisha mahali pagumu kwa meno, tumbo hujaa, kisha mrija wa kutagia huchomoza nje siku hiyo au siku chache kabla. Ukali wa kuuma mkono ni wa kulinda kiota. Ugonjwa wa maji tumboni una sura nyingine: magamba yanasimama, macho hutokeza, samaki hukataa chakula na kuhema haraka, na tumbo halipungui. La Kapteni lilipungua mara tu mayai yalipotoka, sivyo? Ukiona zile dalili nyingine siku yoyote, hapo ndipo pa kutafuta daktari wa mifugo anayejua samaki.

Sasa, muuzaji aliposema ni dume hakudanganya sana. Samaki klauni wote huanza wakiwa wachanga wasiokomaa, wenye uwezo wa pande zote mbili. Baharini hukaa kikundi kidogo katika anemoni moja (mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma): aliye mkubwa kuliko wote ndiye jike, wa pili ndiye dume, waliobaki hudumaa wakisubiri zamu. Jike akifa, dume hugeuka jike, na mkubwa wa wale wadogo hupanda kuwa dume. Mlango huo hufunguka upande mmoja tu, akishakuwa jike harudi. Kapteni alikua bila mkubwa wa kumkandamiza, na katika kikundi cha mmoja, mkubwa ni yeye. Ovari zikakomaa, na sasa mayai yameiva yakahitaji kutoka.

Mama mkwe mweleze kwa lugha ya kuku. Karibu kila tray ya mayai inayouzwa dukani hapo South B imetoka kwa kuku wa layers ambao hawajawahi kuona jogoo. Jike hutaga akiwa na afya, chakula na mwanga wa kutosha, na jogoo anahitajika pale tu mtu anapotaka vifaranga. Sina hakika utamshawishi kwa hoja, maana pengine anachokisema hakihusu samaki, lakini inafaa asikie kuwa hapajatokea muujiza wala mkosi.

Kuhusu binti, mwambie ukweli leo. Mayai haya hayataanguliwa. Klauni hurutubisha nje ya mwili: jike hupita akibandika safu ya mayai na dume humfuata papo hapo akimwaga mbegu zake. Hakuna mbegu iliyohifadhiwa tumboni, na dume akiletwa kesho atakuwa amechelewa kwa mayai haya. Mayai yaliyorutubishwa hukolea rangi, siku ya nne au ya tano vidoa vyeusi vya macho huonekana, baadaye macho yanang'aa kama fedha, na vifaranga hutoka usiku, kati ya siku ya saba na ya kumi kutegemea joto. Yenu yatapauka, yatakuwa meupe yasiyopenya mwanga, na mama mwenyewe atayala. Mtoto asishtuke akiliona hilo. Samaki anarudisha mwilini chakula alichokitumia, na pia anaondoa uozo kiotani. Mpe lenzi ya kukuza badala ya kumkatalia tochi, lakini mchana; tochi ya usiku kucha inamsumbua samaki. Ikifika siku ya tatu na yakabaki meupe yenye utando kama pamba, yasugue kwa mswaki mpya huku ukiyavuta kwa mpira mwembamba wakati wa kubadili maji. Huna haja ya kukwangua mapema.

Jiandaeni pia kwa jambo moja: ataendelea. Jike aliyeanza anaweza kutaga tena kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi, kisha apumzike.

Tufike kwenye upweke, kwa kuwa naona ndiko kunakouma. Mume wako ana moyo mwema, na silaumu mtu anayemhurumia mnyama. Lakini naomba mjiulize pamoja: mayai yamekuwaje ushahidi wa huzuni? Samaki aliyebanwa na dhiki au njaa kwa kawaida hatagi. Huacha kula, hufunga mapezi, hukaa kona ya juu ya maji akihema, au huenda na kurudi kwenye kioo bila kuchoka. Kapteni anakula, analinda kona yake, anakushambulia bila woga. Sitajifanya kujua anachohisi ndani. Ninachoweza kusema ni kwamba ndoa ya klauni si ya kukumbatiana: jike humtawala dume kwa kumfukuza na kumdona kila siku, na huo ndio utaratibu wao. Je, tangi linaloonekana tupu ni la samaki, au ni letu sisi tunaolitazama tukiwa kwenye kochi? Silisemi kwa kejeli. Kutaka kuona jozi ni haja halali ya mwenye tangi, mradi tuiite kwa jina lake.

Ukichagua kumwacha peke yake, unabaki na kazi ya kawaida pamoja na nyongeza chache. Mayai hula nguvu, kwa hiyo lisha mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na ubadilishe: kamba mbichi au ngisi aliyekatwa vipande vya ukubwa wa jicho la samaki, bila chumvi wala kiungo, pamoja na artemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) iliyogandishwa na chakula cha chembe cha dukani. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Julai ya Nairobi ikifika, sebule hupoa usiku, na hita ndogo hushindwa. Kwa lita 120 tafuta ya wati 150 hadi 200, na kipimajoto cha pembeni, usiamini namba ya hita yenyewe. Mwanga usizidi saa 10 kwa siku. Ukitaka apunguze kutaga, shusha joto taratibu hadi 25, fupisha mwanga kidogo, punguza chakula chenye mafuta. Wengine huondoa chungu, ila mara nyingi jike huhamia kwenye kioo au bomba la pampu, nawe utakuwa umemvurugia nyumba bure.

Jambo moja wenye matangi wa hapa hulisahau: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa katika joto lilelile. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji uwe unacheza muda wote. Weka pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha stima ikipotea. Maji badilisha asilimia 10 kila wiki, yaani lita 12. Tumia maji ya mashine ya RO (inayochuja maji mpaka madini yatoke) wanayotumia wauza maji, lakini uliza kama wanarudishia madini na uchukue yasiyorudishiwa, kisha uyachanganye na chumvi ya akwariamu gramu 35 hadi 38 kwa lita. Hapo kipimo cha uzito wa maji ya chumvi kitasoma 1.025 hivi. Chumvi ya mezani haifai, hata ile ya mawe ya Malindi, kwa kuwa kalisi na magnesi nyingi huwa zimeachwa nyuma chumvi inapoganda. Na maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matamu matupu; chumvi haipandi na mvuke.

Je, mkichagua kumletea mwenzake? Hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa, tena na ofa ya muuzaji hasa. Anasema analo dume kubwa lililokomaa. Klauni mkubwa aliyekuwa peke yake dukani huenda alishapita njia ileile aliyopita Kapteni, naye sasa ni jike. Majike mawili katika lita 120 hupigana mpaka mmoja afe, na wakati mwingine ni usiku mmoja tu. Dume halinunuliwi likiwa kubwa. Hununuliwa kitoto kisichokomaa, sentimita mbili na nusu au tatu, na Kapteni mwenyewe ndiye atakayemfanya dume kwa kumtawala. Tofauti ya ukubwa ndiyo usalama wake.

Awe pia wa jamii yake. Huyu mwenye mikanda mitatu haishi kiasili kwenye bahari yetu. Hutoka mashariki ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, na wengi wa madukani wamezalishwa na watu. Miamba ya pwani ya Kenya ina klauni wake, kwa mfano yule mwenye mstari mweupe unaopita mgongoni, na yule wa Allard wa rangi ya kahawia iliyoiva mwenye mikanda miwili na mkia mweupe. Huyo wa Allard hukua kumzidi Kapteni, na hana sababu ya kumkubali. Ukiuziwa kama "mume", utakuwa umenunua ugomvi.

Mdogo akipatikana, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, mwache hapohapo. Nyumbani akae karantini wiki nne katika chombo cha lita 20 au 30 chenye hita, filta ya sponji na kipande cha bomba la plastiki la kujifichia. Klauni wapya huja na magonjwa yanayoua haraka: madoa meupe, vumbi la rangi ya dhahabu, na ule utando mzito wa ute unaowafanya wahemee juu. Bila karantini unaweza kumpoteza hata Kapteni. Pima amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kila siku kwenye chombo hicho, maana kidogo vile huchafuka mara moja.

Baada ya hapo, muweke ndani ya tangi kubwa katika kisanduku cha plastiki chenye matundu kwa wiki moja hadi siku kumi, waonane bila kufikiana. Siku ya kumwachia, lisha kwanza, sogeza mawe mawili matatu ili mipaka ya zamani ivurugike, zima taa, ndipo ufungue. Usichague siku ambayo Kapteni ana mayai. Kufukuzana na kudonana kidogo kutakuwepo. Unachotafuta ni yule mdogo kulala ubavu na kutetemeka mbele ya mkubwa. Huko ndiko kusalimu amri, na ukikuona, safari imeanza vizuri. Mapezi yakichanika, akikaa juu kwenye kona, au akikosa kula siku mbili, mrudishe kwenye kisanduku. Jozi nyingine hufaulu jaribio la pili. Nyingine hazifaulu kabisa, na jike aliyezoea utawala wa peke yake kwa miaka minne anaweza kukataa kila unayemletea. Je, mna mahali pa kumweka huyo mdogo mambo yakienda mrama? Hilo liamuliwe kabla ya kutoa pesa.

Kwa shemeji, hesabu yake imeruka kipengele. Wakikubaliana, itachukua miezi kadhaa, pengine mwaka, kabla mayai kurutubishwa. Kifaranga kinapotoka hakiwezi kula artemia; kinataka rotifa hai, viumbe wasioonekana vizuri kwa macho, wanaofugwa kwenye ndoo nyingine kwa mwani hai na kulishwa kila siku. Vifaranga hutengwa usiku wa kuanguliwa katika tangi lao lenye mwanga hafifu na hewa ya polepole, na mwishoni mwa wiki ya kwanza huanza kuongezewa artemia wachanga. Wengi hufa katika siku kumi na tano za mwanzo mikononi mwa anayeanza. Inawezekana, na watu hufanya, lakini ni kazi ya asubuhi na jioni bila sikukuu. Aanze kwa kufuga rotifa mwezi mzima bila kuziua. Akifaulu, mtazungumza.

Kubadilishana na muuzaji nako ni njia, ila fahamu unachotoa. Klauni akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na jike anayetaga ana thamani kwa mzalishaji kuliko yeyote atakayepewa wewe. Ukiona kumtoa ni kheri kwa amani ya nyumba, tafuta mtu mwenye tangi lililokomaa na dume mdogo tayari, uende ulione, upime chumvi yake, na usafiri naye katika mfuko wenye theluthi moja ya maji na hewa iliyobaki, ndani ya kisanduku kisichopitisha baridi. Na kabla hujafika huko, zungumza na mume wako mkiwa wawili tu, bila shemeji wala simu ya muuzaji, umuulize anataka nini hasa kwa tangi hilo: jozi, vifaranga, au kukuona wewe ukiwa na raha. Kila jibu hapo lina ununuzi wake. Kwa sasa mayai haya yana siku moja au mbili zaidi, na Jumamosi ijayo si lazima mwende popote.